Mwaka wa Kiti cha Abiria

Tulipomzika Dada Moraa mwaka jana, tulirudi kanisani tukala pilau katika ukumbi wa chini, na kabla sahani hazijakusanywa ubishi ulikuwa umeshaanza: nani hasa kati yetu alifundishwa kuendesha gari na marehemu. Mikono iliinuka meza hadi meza. Wauguzi, madereva wa malori, mhasibu mmoja mwenye tai, na mchungaji mwenyewe, ambaye alikiri kwamba Moraa aliwahi kumwamuru ashuke garini atembee kidogo mpaka akili itulie. Kisha Mama Espérance akasimama. Alikuwa amekuja kutoka Iowa, peke yake, akiendesha tangu alfajiri, na kitenge chake hakikuwa na kunyanzi hata moja. "Miye alinifundisha niko mama muzima," alisema. "Na huyu hapa," akaninyoshea kidole, "alikuwa anaikala nyuma. Gari ni yake, alafu anaikala nyuma! Alikuwa hana permis, hana leseni." Ukumbi ulicheka mpaka mume wa marehemu akacheka. Nilicheka nao, ila nilipotoka na kuingia garini sikuwasha. Niliketi tu, mikono mapajani, nikimlilia Moraa na kuukumbuka ule mwaka. Wanaonijua wanajua kwamba kuketi kwangu si jambo dogo. Mimi ni mtu wa kuondoka. Hata sasa, mvi zimeshanisalimia, nikialikwa chakula nachagua kiti cha karibu na mlango. Mwaka wa 2014 ndio uliojaribu kuniketisha kwa nguvu, na sijawahi kuuandika kwa sababu kila nikianza huwa nakumbuka jambo la kufanya nje.

Nilikuwa mpangaji wa Dada Moraa kule New Hope, huku Marekani, katika chumba cha chini kabisa cha nyumba, beseimenti kama tunavyoita. Dirisha lilikuwa juu, sawa na ardhi ya nje, kwa hiyo nilichokiona cha dunia ni nyasi, viatu vya mtu wa posta, na baridi ikiingia, theluji tupu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kukaushia nguo. Moraa, ambaye alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, aliiwasha kila aliporudi asubuhi, na kupitia bomba la hewa ya joto nilisikia kila neno alilosema kwenye simu huku akikunja mashuka. "Huyu msichana wa chini hawezi kukaa," nilimsikia siku moja. "Akimaliza kula, amesimama. Akiosha sahani, ameshika funguo. Sijui hutafuta nini." Sikukasirika, maana hata mimi sikujua. Nilijua tu kwamba nikishinda mle ndani na ugali wangu na mboga ya kugandishwa, mawazo yalianza kwenda mahali nisipoyataka.

Ni lazima mtu awe ameishi huku bila gari ndipo aelewe. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa lifti. Nilisubiri kwenye sebule za watu nimevaa koti na viatu, nikitokwa na jasho, nikisikia mke akimuuliza mumewe jikoni kwa sauti ya chini kama "yule" anapelekwa tena leo. Basi nilipopita mtihani wa barabarani wakati wa Pasaka, nikanunua Corolla kuukuu yenye kutu chini ya milango, nilijiona mtu kamili. Jumapili ile mchungaji alitoka nje na wazee wa kanisa, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaliombea gari. Na kwetu, gari lililoombewa si la mtu mmoja tena. Amina haijapoa, kina mama walikuwa wakipanga nani nitampeleka kliniki na nani nitamchukua uwanja wa ndege. Sikulalamika. Kila lifti ilikuwa kisingizio cha kuondoka, na palipokosekana mtu wa kupelekwa, niliondoka hivyohivyo. Nilizunguka maziwa ya mjini. Nilivuka mto kwenda Saint Paul na kurudi kwa daraja jingine. Siku moja niliendesha mpaka Duluth, nikanunua chai, nikalitazama lile ziwa kubwa kabla chai haijapoa, nikageuza. Nilipenda sana barabara kuu inapofunguka mbele na mguu ukajua wenyewe la kufanya. Shida ni kwamba mguu ulijua kupita kiasi.

Askari wa kwanza alinisimamisha Golden Valley. Nilifanya vile ambavyo ningefanya nyumbani: nilifungua mlango nikatoka kwenda kumsalimia, maana kumwacha mtu mzima aje ainame kwenye dirisha langu niliona ni dharau. Alinipigia ukelele nirudi ndani, mkono wake ukiwa kwenye bastola kiunoni. Nilirudi, nikaweka mikono kwenye usukani. Dada Moraa aliposikia alikaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi, akashika kichwa. "Kemunto, skiza. Hapa hautoki kwa gari. Hata kama ni pastor amekusimamisha, hautoki. Unataka nipigie mamako simu nimwambie nini?" Hilo nililishika mara moja. Ila kulikuwa na kosa jingine ambalo hakuna aliyejua ninalifanya, na hilo ndilo lililoniponza. Kule tulikotoka, ukishalipa yameisha. Umlipe askari kando ya barabara au ulipe kortini na kupewa risiti, mnaachana, hakuna anayekukumbuka tena. Kwa hiyo nilipoandikiwa tiketi nililipa siku hiyohiyo kwa simu, na nikajisifu kwamba mimi si kama wale wanaoficha tiketi kwenye droo. Mwendo kasi. Mwendo kasi tena. Taa nyekundu pale New Hope, karibu kabisa na nyumbani. Kusoma ujumbe nikiendesha. Halafu mwendo kasi mwingine. Nililipa zote, nikasahau zote.

Kufikia wakati huo Mama Espérance alikuwa ameshalimiliki gari langu. Tulifanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee Golden Valley, mimi nikiwahudumia wazee vyumbani, yeye akifua nguo katika chumba cha kufulia cha chini. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mama wa hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza aliyonisemesha, chumba cha kulia wafanyakazi kilikuwa kinanuka ndagala na sombe, dagaa na kisamvu cha kwao, alivyokuwa akipasha moto, na wenzetu wazungu walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwa adabu. Hakuwajali. Aliniketisha mbele yake, akanimegea ugali. "Weye njo mutoto wa Kenya mwenye gari?" Nikasema ndiyo. "Bon. Kesho unanipitia." Aliishi Phillips na binti yake Espérance, na kumpitia kulimaanisha nivuke mji mzima kabla ya mapambazuko, kisha nirudi nilikotoka. Mtu mwenye akili timamu angekataa. Mimi nilifurahi, maana ni barabara zaidi. Alikuwa abiria wa ajabu. Aligeuza mwili wote kunitazama alipozungumza, na alitaka nami nimtazame, na nisipomtazama aliuliza kama nimekasirika.

Ni yeye niliyekuwa naye Novemba, asubuhi moja, tuliposimamishwa kwa sababu taa moja ya nyuma haikuwaka. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani. Askari alikuwa kijana mpole. Alikwenda na leseni yangu kwenye gari lake, akakawia, akarudi uso umebadilika. Aliniambia leseni ile haifanyi kazi tena, imesimamishwa, barua zilikwishatumwa. Zilikuwa zimetumwa kwenye anwani niliyohama. Alitaka kujua kama mwenzangu ana leseni, na Mama Espérance, ambaye hakuwa amefuata neno lolote, alimwonyesha kitambulisho cha kazi. Ilibidi nimpigie simu Dada Moraa, akaja kwa lifti ya jirani, nguo za kulalia zikining'inia chini ya koti, akaketi kwenye usukani wangu akatupeleka kazini. Alinisubiri jioni jikoni. "Nani alikuambia ulipe zote?" Nikamwambia mbona ni deni la serikali, nilipe niachane nao. "Huku ukilipa umekubali kosa! Hiyo ni conviction. Ungeenda mbele ya hakimu, uombe, wengine huachiliwa. Wewe ulikuwa unakubali tu, kila mwezi unakubali, wanakupanga kwa computer. Sasa wamekuchukulia leseni miezi mitatu." Sikuona aibu wakati ule. Niliona hasira, kama mtu aliyenyang'anywa sahani akiwa katikati ya kula.

Niliteremka chumbani nikaketi kitandani, na funguo zilikuwa mezani, na gari lilikuwa nje. Hilo ndilo lililonitesa. Kama lingechukuliwa ningezoea. Kila asubuhi nililipangusa theluji, nikaliwasha likanguruma kidogo ili betri isife, kisha nikalizima na kwenda kusubiri basi. Watu wa kanisani hawakunielewa. Dereva mmoja wa lori aliniambia nusu ya watu anaowajua wanaendesha hivyohivyo, niwe mwangalifu tu, nisipite pale wanapojificha. Moraa alisema nikijaribu, nikikamatwa, maombi yangu ya uraia yatakataliwa. Basi niliketi. Nilihesabu mbao za dari. Nilisafisha jokofu la watu. Niligombana na mashine ya kukaushia nguo.

Lakini aliyekuwa hatarini kweli hakuwa mimi. Kutoka Phillips, Mama Espérance alilazimika kupanda basi hadi katikati ya mji, kusubiri jingine, kisha kutembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, theluji ikimfika kwenye mashavu ya miguu. Zamu ilianza saa moja asubuhi, na mabasi yale hayakuwa na mpango na saa moja yake. Alichelewa, akachelewa tena. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, hakuwa mtu mbaya, ila alimwita na kumweleza polepole, akimwonyesha saa ya ukutani, kwamba akiendelea hivi atamtafuta mtu mwingine. Mimi pia nilichelewa, nami nilisamehewa, kwa sababu wahudumu wa wazee walikuwa adimu. Mtu wa kufua hupatikana. Na ile ndiyo kazi ya kwanza iliyomkubali Mama Espérance tangu afike Marekani, ndiyo iliyokuwa ikilipa nyumba na kumsomesha binti. Alinieleza haya kwenye kituo cha basi akipiga miguu chini. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependelea anilaumu.

Kwa hiyo asubuhi moja ya dhoruba nilichukua funguo. Sitasingizia kwamba ilikuwa huruma tupu. Mguu uliniwasha pia. Niliendesha kutoka New Hope hadi Phillips kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo, nikasimama mbele ya nyumba yake, nikapiga honi. Alitoka na mfuko wake wa chakula, shali kichwani, akanitazama kupitia kioo. Hakuingia. Nilishusha kioo nikamwambia, "Mama, ingia, baridi hii! Utafukuzwa kazi."

"Permis umerudishiwa?"

"Bado. Lakini leo tu. Barabara haina mtu."

Theluji ilikuwa ikimwangukia begani, wala hakuipangusa. "Kemunto, sikia. Miye nimeingia inchi tatu bila karatasi. Usiku, porini, mutoto mugongoni. Hii inchi ya ine niliingia na karatasi, saa saba ya muchana, banachunguza, banasema karibu. Sitaiharibu. Siingii." Akanyosha mkono. "Leta funguo." Nilimpa. Alifunga gari, akatia funguo kwenye mfuko pamoja na ndagala, tukatembea hadi kituoni. Nilikuwa naona aibu sasa, ile iliyokawia, na ilikuwa nzito kuliko koti.

Tulifika tumechelewa mno. Mama Espérance alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akaniamuru nifasiri. Alisema hatachelewa tena baada ya Krismasi, kwa sababu ataendesha mwenyewe. Mpaka siku hiyo anaomba afanye zamu ya mchana. Nilifasiri nikiwa nimeduwaa. Msimamizi aliuliza kama ana leseni. Hana, nikasema, ila ana kibali cha kujifunza. Hilo lilikuwa kweli: mwaka uliotangulia mfanyakazi wa ofisi ya wakimbizi aliwahimiza wote wafanye mtihani wa maandishi, Espérance akamkaririsha mamake kitabu kizima, akapita, kisha kibali kikalala ndani ya Biblia. Msimamizi alifikiri, akasema sawa. Zamu ya mchana mpaka Krismasi. Baada ya hapo saa moja asubuhi kamili, au aachie nafasi.

Mwalimu alikuwa Dada Moraa, maana sheria ilitaka mwenye leseni aketi mbele, na mimi sikuwa mtu. Niliketi nyuma, katika gari langu mwenyewe, kwenye maegesho ya kanisa, na wale wanawake wawili walizozana kama mawifi. "Brake! Mama, nimesema brake!" "Usinilalamikie, nimesikia!" "Umesikia na hujafanya!" Baada ya somo Moraa alitukaribisha jikoni kwa chai ya maziwa na chapati, akiwa hajalala tangu zamu, na hapo ugomvi uliisha, wakaanza kusengenya kwaya. Moraa alimwita mwanafunzi wake bora na mkaidi kuliko wote. Nilikunywa chai yangu nimesimama karibu na dirisha, nikilitazama gari.

Mtihani wa kwanza alianguka. Aliegesha vizuri, alisimama kwenye alama zote, lakini kila mtahini alipotoa agizo Mama Espérance aligeuka mzimamzima kumtazama usoni, akaitikia, "Yes, sir," na gari likaendelea mbele bila macho. Mtahini alimaliza mapema, akashuka amebadilika rangi. "Iko musee mwenye imvi," Mama alitueleza, naye ameudhika kweli. "Anaongea na miye, nimupe mugongo wa sikio? Njo malezi gani?" Moraa alifikiri usiku wake wote kazini, akarudi na dawa. Kuanzia siku ile kazi yangu ilikuwa kusimulia udaku kutoka kiti cha nyuma, udaku mtamu, wa kumfanya mtu yeyote ageuke, na Mama aitikie bila kuondoa macho barabarani. Akigeuka, Moraa anapiga dashibodi. Nilimaliza habari zote za kanisa nikaanza kutunga. Nilimwoza mchungaji msaidizi mara mbili. Mama Espérance aling'ata midomo, shingo ikatetemeka, akashika njia. "Eh," alisema. "Eh. Endelea. Nakusikia na mashikio." Siku mbili kabla ya Krismasi alirudi kwa mtahini yuleyule, nami nikazunguka ukumbi wa kusubiria mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Alipita. Hakupiga vigelegele. Alilia kidogo ndani ya shali, kisha akauliza picha ya leseni inapigwa wapi.

Asubuhi ya zamu yake ya kwanza ya saa moja, baada ya Krismasi, alikuja kunipitia. Gari lilikuwa limelala kwake Phillips, na alikuwa ameondoka mapema mno. Nilisikia honi nikapanda ngazi mbio, nikafungua mlango wa dereva kwa mazoea, nikamkuta ameketi, pua karibu na usukani. Nilizunguka. Theluji ilikuwa imeanguka upya, na Mama Espérance aliendesha katika barabara ya Winnetka kana kwamba amebeba sufuria ya uji mapajani. Saa ya dashibodi ilikuwa inakimbia. Niliitazama, nikaitazama tena, nikamwona msimamizi na ile saa yake ya ukutani. Nyuma yetu gari lilipiga honi. Kisha jingine. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu mpaka paja likauma.

"Mama, kanyaga mafuta, tafadhali! Wanakupigia honi. Tutachelewa, watakufuta kazi!"

Hakugeuza uso. Alifundishwa akafundishika. "Bapite," alisema. "Miye hakuna mutu ananifukuza tena."

Walitupita, mmoja baada ya mwingine, wakitutazama vibaya. Nilijiuliza mimi nani alikuwa ananifukuza miaka yote ile, nikatafuta hata jina moja, sikupata. Niliuondoa mguu sakafuni, nikaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile barabara niliyoipita mara nyingi: kanisa dogo la matofali, mbwa mwenye sweta, mzee akizoa theluji kwa koleo mlangoni kwake. Tuliingia kwenye maegesho, akaegesha katikati kabisa ya mistari, akazima. Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anatafuta ufunguo. Alitazama saa ya mkononi, akamtazama Mama Espérance, akamwachia mlango wazi apite. Tulikuwa tumewahi.